Pampu mbili za glaisini: moja ikifa mtoto analegea, nyingine ikifa anakakamaa

Panya wa Maabara (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa degedege kuna mdau alimaliza mjadala kwa sentensi moja: kemikali za kutuliza neva zikizidi mtoto analegea, zikipungua anakakamaa, kwisha habari. Sikutaka kumjibu kule nisije nikauhamisha uzi wa watu. Alichosema ni kweli nusu. Hiyo nusu nyingine wengi tuliipita mbio chuoni, nayo inahusu protini zinazozoa kemikali hizo zikishamaliza kazi.

Msingi kwanza, wanaojua waruke aya hii. Neva huongea kwa kumwaga kemikali kwenye upenyo mwembamba kati ya seli na seli, yaani sinapsi. Kuna kemikali za kuchochea na kuna za kutuliza. Za kutuliza kubwa ni mbili. GABA inatawala ubongo wa juu. Glaisini inatawala uti wa mgongo na shina la ubongo, kule kunakosimamia kupumua, kumeza na kutembea. Ni glaisini hiyo hiyo, asidi ya amino ndogo kuliko zote, unayoipata kwenye supu ya mifupa.

Glaisini ikimwagwa haina kimeng'enya cha kuivunja pale pale kwenye upenyo, tofauti na asetilikolini, kemikali nyingine ya neva. Lazima inyonywe. Wanyonyaji ni visafirishi viwili vilivyochomekwa kwenye utando wa seli, GlyT1 na GlyT2, ndizo pampu zetu mbili. Jeni za kuvitengeneza ni SLC6A9 na SLC6A5. Vyote vinaendeshwa na sodiamu na kloridi, na vyote vinaichukua glaisini iliyo nje ya seli na kuiingiza ndani. Tofauti ni makazi: GlyT1 iko zaidi kwenye seli za glia, seli saidizi zinazoizunguka sinapsi, GlyT2 iko kwenye ncha ya neva ile ile iliyomwaga.

Kabla hujasoma mbele, jibu moyoni. Ukimzalisha panya asiye na GlyT1, atakuwaje? Na asiye na GlyT2? Kwa hesabu ya yule mdau wetu wote wawili walegee, maana kote glaisini imekosa wa kuizoa.

Mwaka 2003 maabara ya Heinrich Betz, taasisi ya Max Planck ya utafiti wa ubongo kule Frankfurt, ilitoa majibu yote mawili. Kitoto kisicho na GlyT1 kilizaliwa kimelegea, kinapumua kwa kusuasua, na hakikuvuka siku ya kwanza. Hapo hesabu imetimia: glaisini imejaa, shina la ubongo limebanwa. Watafiti walikata kipande cha shina hilo, wakakiweka hai kwenye maji ya maabara, wakaongeza striknini kidogo, sumu inayoziba vipokezi vya glaisini. Mdundo wa kupumua ukarudi.

Kisicho na GlyT2 kilizaliwa sawa na wenzake. Kikanyonya, kikaongezeka. Kuingia wiki ya pili kikaanza kutetemeka, misuli ikakaza, ukikilaza chali kinashindwa kujigeuza, na mwisho kikafa. Kinyume kabisa cha mwenzake.

Kwa nini? Fikiria biashara ya soda za chupa. Kiwanda kinategemea chupa tupu zirudi. Zisiporudi, gari la kesho linatoka na kreti nusu. GlyT2 ndiyo inayorudisha chupa. Glaisini inayovutwa na ncha ya neva inapakiwa upya kwenye vifuko vidogo na kisafirishi cha tatu, VIAAT, ambacho hupakia glaisini na GABA pia. Ukiiondoa GlyT2 vifuko vinaendelea kupasuka kwa wakati wake, ila ndani mna kidogo au hamna kitu. Utulivu unakosekana, misuli inakaza.

Sasa angalia namba. GlyT1 inatumia sodiamu 2 kuvuta glaisini 1. GlyT2 inatumia 3. Hiyo moja ya ziada inaipa GlyT2 nguvu ya kuirundika glaisini ndani ya ncha ya neva hadi kiwango ambacho VIAAT inaweza kufanya nacho kazi. GlyT1 ina nguvu ndogo, na hali ikibadilika inaweza hata kwenda kinyume, ikaitoa glaisini nje. Mimi hii ndiyo iliyonifanya niipende mada hii. Sodiamu moja tu, mkuu!

Nipo, ulizeni.

---

Bado Nipo

Naweka kambi. Madini haya.

---

Nesi wa Zamu

Mleta uzi, hongera. Nimefanya wodi ya watoto wachanga muda mrefu, na hicho kitoto cha pili ulichokieleza ni pepopunda mtupu. Mtoto amekaza taya, mgongo umepinda kwenda nyuma, ukigusa godoro tu anashtuka mwili mzima. Tulikuwa tunazima taa na kuweka kitambaa mlangoni usigonge. Je, ni jambo moja?

---

Panya wa Maabara

Nesi, umegonga penyewe. Sumu ya pepopunda inapanda na neva kutoka kwenye kidonda, au kitovu kwa mchanga, hadi kwenye uti wa mgongo. Huko inaingia kwenye zile neva za kutuliza na kuikata protini iitwayo sinaptobrevini, ambayo bila hiyo kifuko hakiwezi kufunguka. Kwa hiyo kwenye pepopunda glaisini ipo tele ila imefungiwa. GlyT2 ikifa, kifuko kinafunguka ila kitupu. Kwenye striknini kifuko kimejaa na kimefunguka, kipokezi upande wa pili ndicho kimezibwa. Milango mitatu, na aliyesimama kando ya kitanda anaona picha ile ile.

Wa kurithi wana ugonjwa wao, unaitwa haiparekpleksia. Mtoto anazaliwa amekaza, na anashtuka kupita kiasi kwa sauti au mguso. Kitabibu kuna mambo ya kuutofautisha, wewe utayaeleza vizuri kuliko mimi wa maabara.

---

Nesi wa Zamu

Sawa. Wa pepopunda huzaliwa mzima, analia, ananyonya siku mbili za mwanzo, halafu kati ya siku ya 3 na ya 28 anaacha kunyonya na kuanza kukaza. Ukiuliza utasikia mama hakuchanjwa, kajifungulia nyumbani, kitovu kimewekwa kitu. Siku hizi ni adimu, Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeutokomeza kwa wachanga, kwa maana ya kushuka chini ya mgonjwa 1 kwa kila vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Ndiyo maana vijana wapya wodini wengine hawajawahi kuuona.

Huyo wa kurithi nilifundishwa kipimo cha pua. Unagonga ncha ya pua kwa kidole, taratibu. Mtoto wa kawaida atapepesa macho, ukirudia anazoea. Mwenye haiparekpleksia kichwa kinaruka nyuma, na ukirudia kinaruka tena, na tena, hazoei. Akilala usingizi mwili unalainika.

Hatari ni pale anapokaza hadi pumzi inakatika. Hapo unamshika kichwa kwa mkono mmoja na miguu kwa mwingine, unamkunja kichwa na miguu vielekee tumboni. Mkazo unaachia, anavuta hewa. Mbinu hiyo ilielezwa na Vigevano, daktari wa Italia, mwaka 1989. Haina gharama na mzazi anafundishika.

---

Mama Wawili

Jamani mmenitisha. Wangu ana miezi miwili, mlango ukigonga anarusha mikono yote pembeni, anaikusanya, halafu analia. Nimkimbize?

---

Nesi wa Zamu

Mama Wawili, tulia. Huo ni mshtuko wa kawaida wa wachanga, tunaupima kliniki na tunafurahi tukiuona. Unapotea wenyewe kati ya mwezi wa nne na wa sita. Mwili wake ukiwa laini katikati ya mishtuko, ananyonya na anaongezeka uzito, huna neno. Cha kukimbiza hospitali ni mtoto aliyekaza muda wote akiwa macho, au anayekata pumzi na kubadilika rangi.

---

Mama Wawili

Asante dada, Mungu akuzidishie.

---

Mbishi Halali

Mimi naona ni panya wa Ulaya tu. Binadamu yuko wapi hapo? Nesi mwenyewe kasema adimu.

---

Panya wa Maabara

Mbishi, nilijua utakuja, nilishakuwekea kiti.

Kwa binadamu, jeni ya kwanza ya haiparekpleksia ilijulikana 1993: GLRA1, jeni ya kipokezi chenyewe cha glaisini. Hiyo ndiyo chanzo kwa wagonjwa wengi. Lakini kulikuwa na wagonjwa ambao vipokezi vyao vilipimwa vikakutwa vizima. Mwaka 2006 ndipo ilipoonekana kwamba baadhi yao wana kasoro kwenye SLC6A5, yaani GlyT2. Tazama mfuatano: panya 2003, binadamu 2006. Walijua wapi pa kuchimba kwa sababu ya yule panya uliyemdharau.

Dawa inayotumika zaidi ni klonazepamu. Haigusi kisafirishi wala glaisini. Inaongeza nguvu ya GABA, kemikali ile nyingine, ili iibebe kazi ya mwenzake. Wengi wanapungua mkazo kadiri mwaka wa kwanza unavyosogea, ila mishtuko hubaki hata ukubwani. Mtu mzima anashtuliwa na honi, anakakamaa na kuanguka mzima mzima bila kutanguliza mikono, akili zake zote ziko pale. Hapo ndipo wanapopewa dawa za kifafa miaka na miaka, wakati kipimo cha umeme wa ubongo hakionyeshi kifafa.

GlyT1 ilichelewa kupatikana kwa binadamu, hadi 2016. Familia mojawapo ilitoka Saudi Arabia. Watoto walizaliwa wamelegea na kushindwa kupumua wenyewe, wakahitaji mashine, wengine viungo vimekunjamana na nyayo zimepinda toka tumboni. Glaisini kwenye damu ya kawaida, kwenye maji ya uti wa mgongo imepanda kidogo tu. Ukitegemea kipimo cha damu peke yake huupati.

---

Shombe la Pwani

Hapo kwa Saudia nimesimama. Hayo magonjwa yanataka jeni mbovu mbili, ya baba na ya mama, siyo? Maana huku kwetu Mombasa, na ndugu zetu walioko Muscat, kumuoa binti ami ni jambo la kila siku.

---

Panya wa Maabara

Ndiyo, la GlyT1 linataka mbili, na la GlyT2 mara nyingi hivyo hivyo, ingawa kuna familia ambazo moja ilitosha. Wazazi wakiwa wabebaji wote, kila mimba ina uwezekano wa robo. Binamu wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba kasoro ile ile kwa sababu babu ni mmoja. Haina maana kila ndoa ya binamu ina tatizo, nyingi hazina. Ila kwenye ukoo ambao wachanga wamekufa wakiwa wamelegea au wamekaza, hilo ni jambo la kumwambia daktari waziwazi badala ya kulizungumzia jikoni tu.

---

Kidato cha Sita PCB

Mkuu, swali la kitoto. Umesema nyayo zimepinda toka tumboni. Kisafirishi cha neva kinapindaje mguu?

---

Panya wa Maabara

Swali la kitoto hili? Hili ndilo swali la uzi mzima.

Kiinitete kinahitaji kucheza ili kijitengeneze. Viungo vinapata umbo kwa kusogezwa. Kisichosogea kinaganda kilivyokaa. Mfano wenye nguvu kuliko wote ni VIAAT. Panya walioondolewa VIAAT, kazi iliyotoka 2006, hawakuzaliwa hai. Neva za kutuliza zilikuwepo, lakini hazikuwa na cha kumwaga, si GABA si glaisini. Viinitete vilikuwa havisogei, vimekunjamana. Na walikuwa na vitu viwili ambavyo si rahisi kuvitarajia kwa protini ya sinapsi: kaakaa lililopasuka, na matumbo yaliyotokeza nje kwenye kitovu. Maelezo yanayopewa kuhusu kaakaa ni kwamba pande zake mbili hukutana juu ya ulimi, na ulimi sharti ushuke kuzipisha. Kiinitete kisichochezesha mdomo, ulimi unabaki katikati.

Kama uko PCB na una nafasi ya chuo, soma pia habari za samaki anayeitwa zebrafish, mdogo mwenye milia, asili yake ni mito ya Bara Hindi. Kiinitete chake kinaonekana ndani kwa ndani, huhitaji kupasua kitu. Siku ya kwanza tu kinaanza kujikunja mkia ndani ya yai, siku ya pili ukikigusa kinachomoka. Katika msako mkubwa wa samaki wenye jeni mbovu kule Tübingen, Ujerumani, uliochapishwa 1996, walipatikana wengi wenye kasoro za mwendo, na mmoja akaitwa shocked, yaani aliyeshtuka. Unamgusa, anajibu kidogo, haogelei. Mwaka 2005 chanzo kikajulikana: herufi moja imebadilika kwenye jeni ya GlyT1. Watafiti waliingiza ujumbe wa jeni nzima kwenye yai la mgonjwa, akaogelea. Kisha wakaizima jeni hiyo kwa mzima, akawa shocked.

Tena, kuhakikisha pampu imekufa kweli waliipachika kwenye mayai ya chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus, wakapima umeme. Nzima ilivuta, mbovu haikuvuta. Chura huyo huyo miaka ya 1930 alianza kutumika kupimia mimba: alichomwa mkojo wa mwanamke, akitaga mayai mimba ipo.

Na yule samaki baada ya siku chache anaanza kuogelea mwenyewe, japo pampu bado ni mbovu. Neva zake zinapunguza vipokezi vya glaisini hadi nguvu ya glaisini inakuwa ya kawaida. Panya hapewi muda huo, kwa sababu yeye akishazaliwa anatakiwa apumue dakika ile ile. Samaki mdogo anapata oksijeni kupitia ngozi.

---

Bado Nipo

Nilikuwa napita tu. Chai imepoa.

---

Daktari Mwanafunzi

Mkuu, naomba nikubane kidogo. Kote umeita GABA na glaisini kemikali za kutuliza. Kwa mtoto mchanga si zinachochea? Tulifundishwa neva changa ina kloridi nyingi ndani, mlango wa kipokezi ukifunguka kloridi inatoka badala ya kuingia, na seli inawaka.

---

Panya wa Maabara

Umenibana pazuri, nililiacha makusudi kwa sababu uzi ungekuwa mrefu. Kuna visafirishi vingine viwili, vya kloridi. NKCC1 inaingiza kloridi, na neva changa inayo kwa wingi. KCC2 inatoa, na inapanda kadiri neva inavyokomaa. Kazi ya KCC2 kwenye badiliko hilo ilionyeshwa 1999. Kwa hiyo kemikali ile ile inasukuma mwanzoni na kutuliza baadaye. Hata hivyo "kuchochea" usiichukue moja kwa moja. Mlango ukifunguka seli inavuja, na seli inayovuja ni ngumu kuiwasha hata kama kloridi inatoka. Ndiyo maana kitoto cha panya asiye na GlyT1, neva zote changa, bado kilibanwa pumzi.

Hapo kuna somo la dawa. Fenobabitoni inaongeza nguvu ya GABA, na kwa wachanga wenye degedege mara nyingi haitoshi. Watu wakasema tuongeze bumetanidi, dawa ya kukojoza inayoziba NKCC1, kloridi ishuke na GABA itulize. Kwenye karatasi inapendeza mno. Ulaya waliijaribu kwa wachanga, wakausimamisha utafiti mapema. Matokeo yalitoka 2015. Degedege haikushuka kwa kiwango walichotarajia, na watoto 3 kati ya 11 waliobaki hai walikutwa wamepoteza usikivu. Dawa hiyo inapita kwa shida sana kwenda kwenye ubongo, ilhali sikio la ndani linaitegemea NKCC1.

---

Mbishi Halali

Haya, hapo umenipata. Lakini hizo GlyT dawa yake ipo au mnatunyoosha tu?

---

Panya wa Maabara

Ya kuirudisha GlyT2 iliyokufa haipo. Ya kuizima GlyT1 kwa watu wazima imejaribiwa sana kwa skizofrenia, kwa hoja kwamba glaisini ikibaki nyingi inasaidia vipokezi vya kuchochea viitwavyo NMDA. Roche walijaribu bitopertini, ikashindwa 2014. Boehringer Ingelheim wakaja na iklepertini, majaribio ya mwisho yakashindwa Januari 2025. Kwa GABA wamefanikiwa: tiagabini inaziba GAT1, kisafirishi cha GABA, na ni dawa ya kifafa tangu miaka ya 1990.

---

Mkulima wa Nyanda

Samahani nimechelewa. Mnaongea watoto, mimi nina ng'ombe. Jirani alipata ndama aliyezaliwa hawezi kusimama, ukimgusa anakaza miguu yote minne, hakumaliza siku mbili. Mbegu ilikuwa ya kupandikiza, dume la nyama la Ulaya. Inawezekana?

---

Panya wa Maabara

Inawezekana, ila siwezi kusema ndiyo kwa kusoma tu. Ndama mchanga anakaza kwa pepopunda pia, kwa kukosa madini, au kwa kuumia wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo daktari wa mifugo atangulie. Ng'ombe wa Belgian Blue wana ugonjwa wa namna hiyo kabisa, na chanzo kilichapishwa 2008: kasoro kwenye SLC6A5, GlyT2 ile ile. Hereford wasio na pembe wana unaofanana, lakini wao kasoro iko kwenye kipokezi. Mbwa wa Irish Wolfhound pia wanao, wa GlyT2.

Lazima dume na jike wote wawe wabebaji. Kama jike wa jirani ni chotara aliyetokana na mbegu za aina hiyo hiyo, hapo ndipo mashaka yanaongezeka. Akienda kununua tena aulize jina la dume na namba yake, na kama limepimwa kasoro za kurithi. Kwa Belgian Blue kipimo kipo, na muuzaji wa maana anatakiwa awe na jibu.

---

Mkulima wa Nyanda

Jike ni chotara, ndiyo. Mama yake alipandikizwa mbegu na mtaalamu yule yule. Namba ya mrija nadhani bado ipo kwenye daftari, nitamwambia aitafute.